Kichupo cha Tiyo Anselmo

Ukoo wa Gumban wa kule Guimbal umesamehe mengi. Ulimsamehe binamu aliyeuza nyati wa kulimia ambaye hakuwa wake. Ulimsamehe shemeji aliyehama kanisa kwa ajili ya mwanamke, na alipokataliwa na mwanamke huyo akarudi, akakaa benchi la mbele kama vile hakuna kilichotokea. Lakini alichofanya mjomba wao Tiyo Crispulo kwenye sherehe ya kuzaliwa ya bibi yao Lola Ambing mwaka jana kilikuwa bado hakijasamehewa. Watu walikitaja kwa sauti ya chini, wakiangalia kwanza kama kuna watoto karibu.

Tiyo Crispulo alifunga kichupo.

Ilikuwa hivi. Nyumbani kwa Lola watu huimba karaoke kwa kompyuta iliyounganishwa na televisheni kubwa ya sebuleni. Kila wimbo hufunguka kwenye kivinjari katika kichupo chake, na vichupo hujipanga juu ya skrini kimoja baada ya kingine, mfano wa wagonjwa kwenye benchi la zahanati. Siku ile, katikati ya vichupo vya nyimbo, kilikuwemo kimoja cha simu ya video. Tiyo Anselmo, kitinda mimba wa Lola, mpishi kwenye meli ya mizigo, alikuwa anapita karibu na nchi kavu na mtandao ulikuwa umemkubalia. Uso wake ukatokea. Akasema, "Ma." Papo hapo Tiyo Crispulo, maiki kwapani na glasi ya ramu mkononi, akamaliza kupokea makofi, akaenda kuufunga wimbo wake, akabonyeza kichupo cha jirani.

Simu ilipopigwa tena, meli ilikuwa imeshapita. Lola alirudi kwenye kiti chake, akakunja mikono, na hakula wala kunywa hadi mgeni wa mwisho alipovaa viatu.

Mtu wa nje atauliza kwa nini mlevi aliachiwa kipanya. Mtu wa nje huyo hajui sheria. Kwa akina Gumban, wimbo hufungwa na aliyeuimba. Unaimba, unasubiri alama zako, unainama kidogo mbele ya watu, kisha unakwenda mwenyewe kwenye kompyuta na kuufunga kwa mkono wako. Kumfungia mwenzako wimbo ni kumwambia mbele ya wakwe zake kwamba sauti yake inasumbua mifugo. Kuna ndugu wawili wa upande wa Igbaras ambao hawajasalimiana tangu mmoja amfungie mwingine wimbo kabla ya ubeti wa mwisho, na sasa wote wana wajukuu. Hata padri alipokuja kubariki nyumba akashawishika kuimba, alifunga mwenyewe.

Kwa hiyo siku ya sherehe kila mkono wa ukoo hupita kwenye kipanya kile: unaotetemeka, ulioloa mafuta ya nguruwe, usioona vizuri bila miwani, na ule ulioshika ramu tangu asubuhi.

Mwaka huu Lola hakutaka keki wala gauni. "Nataka niimbe na Toto," alisema. Toto ndivyo kina mama wa huko wanavyowaita wavulana wao, na huyu wa Lola alikuwa na mvi. "Tukimaliza nimuone uso. Basi. Hayo mengine pelekeni kanisani." Tiyo Anselmo alikuwa ametuma ujumbe kwamba amesaini mkataba mwingine, hatarudi nyumbani mwaka huu. Meli ingepita kwenye mlango wa bahari Jumapili alasiri, kisha ingekata bahari kuu, na huko hakuna mtandao wa kuzungumzia.

Kazi alipewa Marifel, mjukuu wake.

Marifel alikuwa mhandisi wa mifumo katika kampuni moja mjini Iloilo, na hakumwacha mtu yeyote asahau. Alivaa kitambulisho cha kazini shingoni hata Jumapili, hata baharini. Jonaly, binamu yake mdogo, alimwita Manang kama adabu inavyotaka kwa dada mkubwa, na moyoni alimwita Kitambulisho. Jonaly naye alikuwa na miaka kumi na sita na sifa mbaya. Katika shule yake ya bweni ndiye aliyepanga kivinjari cha matroni ili kila kichupo kipya kifungukie picha ya mbuzi. Matroni alikaa na mbuzi huyo muhula mzima, akiamini kwamba ni tangazo la wizara.

Asubuhi ya sherehe, kabla wageni hawajaja, Marifel alimwita Jonaly sebuleni, kwa jina wanaloitwa mabinti wadogo wa huko.

"Inday, njoo hapa. Nina kazi ya kukufaa."

"Kama ni kumenya vitunguu, naumwa."

"Kaa. Nataka uiharibu hii."

Jonaly alitazama kompyuta, akamtazama Marifel. Katika maisha yake hakuwahi kupewa kibali. Ilimtia wasiwasi kidogo.

"Niharibu nini?"

"Kichupo cha simu ya Tiyo Anselmo. Kifunge. Fanya ushenzi wako wote. Ukishindwa wewe, Tiyo Crispulo atashindwa."

Jonaly alikaa, akanyoosha vidole kama mpiga piano. Alitafuta alama ya kufungia, hakuiona. Kichupo cha simu kilikuwa kimebandikwa kushoto kabisa, kidogo kama kifungo cha shati, hakina mahali pa kubonyeza. Akatumia kibodi. Kichupo kikatulia tuli. Akabonyeza kwa gurudumu la kipanya. Akaamuru vifungwe vyote isipokuwa kimoja, na vyote vikafungwa, lakini kidogo kile kikabaki kushoto kikimtazama. Akaamua kulifunga dirisha zima, na dirisha likamuuliza kwa heshima kama ana uhakika, huku kitufe kilichotangulia kikiwa cha hapana.

"Umefanyaje, Manang?"

"Kiendelezi." Marifel aliigusa kamba ya kitambulisho chake. "Unakiongeza kwenye kivinjari, halafu unakiambia vichupo viishi vipi. Kivinjari chenyewe kina akili ya kuku. Unafunga hiki, kinakutupa kule kinakopenda chenyewe. Hiki nimekipa sheria."

Akamwonyesha. Watu wangechagua nyimbo kwenye simu zao na kuzituma. Kila wimbo ungefunguka mwisho kabisa kulia, nyuma, kimya, bila kumrukia anayeimba. Hakuna wa kupenya kwenye foleni, hata awe na cheo gani. Wimbo ukitumwa mara mbili, wa pili unakataliwa, kwa sababu mwaka jana wimbo mmoja wa mapenzi uliimbwa na shangazi wanne mfululizo, kila mmoja akilia kuliko aliyetangulia. Mwimbaji akifunga wake, skrini inahamia kulia kwa anayefuata, na wimbo huo ndio kwanza unaanza. Na mtu akifunga kwa bahati mbaya, kitufe kimoja kinarudisha wimbo pale pale ulipokuwa.

Jonaly alisoma mipangilio ile mstari kwa mstari. Alitaka kucheka, akashindwa. Hii ilikuwa kazi ya mtu aliyekaa akamfikiria kila ndugu mmoja mmoja, ulevi wake, miwani yake na kiburi chake, akamwekea ukuta mdogo asioweza kuuona. Mchezo wa mbuzi wa matroni, kwa kulinganisha, ulikuwa utoto.

"Si mbaya," alisema.

"Sema tena kwa sauti."

"Nimesema si mbaya! Usinitafute, Manang."

Saa sita nyumba ilijaa. Nguruwe mzima alilazwa mezani juu ya majani ya mgomba, ngozi yake ikimeta, na wajomba walimzunguka kama wanaomfanyia ibada. Nyimbo zikaanza. Mfumo ulikwenda kama saa. Shangazi alimaliza, akainama, akafunga, na wimbo wa mjomba ukaja mbele wenyewe. Mjomba mmoja alibonyeza mahali siko mara nyingi kwa hasira, na hakikufungika kisichopaswa kufungika. Marifel alisimama kando na sahani yake, akila polepole, kitambulisho kikining'inia juu ya wali.

"Na wimbo wa Lola?" Jonaly aliuliza, mdomo umejaa.

"Upo tayari kwenye simu yangu. Tiyo akipiga, nautuma, nauburuta kwa mkono hadi kando ya simu yake. Lola anaimba, Tiyo anaimba naye kutoka huko, sauti inasikika. Lola anafunga wimbo. Kwisha."

Jonaly alitafuna. Ana tabia ambayo walimu wake wameiandika kwenye ripoti kwa maneno mbalimbali: akiona kitu kimekaa vizuri, anajiuliza yeye angekivuruga vipi. Akajiuliza. Akaacha kutafuna.

"Manang. Lola akifunga, skrini inaenda wapi?"

"Kulia. Si nimekwambia?"

"Kulia kuna nani?"

Marifel alitazama skrini. Mwimbaji aliyekuwa mbele wakati huo alikuwa Tiyo Crispulo, na wimbo uliomfuata kwenye foleni ulikuwa wa Tiyo Crispulo tena, ule wa kijeshi wenye matarumbeta.

"Yesu, Maria na Yosefu," alisema Marifel.

Hakukuwa na haja ya kumweleza zaidi. Lola angefunga wimbo wake kwa mkono wake, akitegemea kumwona mwanawe. Badala yake yangekuja matarumbeta. Na wimbo ukishaanza ni wa mwenyewe, hakuna wa kuukata. Nyumba nzima ingesimama kumsikiliza Tiyo Crispulo mpaka tarumbeta la mwisho, na huku nyuma uso wa Anselmo ukielea baharini bila mtu wa kuutazama, meli ikisonga.

"Weka wimbo wa Lola kushoto kwa simu," Jonaly alinong'ona. "Akifunga, kulia kwake ni Tiyo Anselmo."

"Haiwezekani. Kilichobandikwa ndicho cha kwanza kushoto, hakuna kinachopita mbele yake."

"Kibandue."

"Nikikibandua kinafungika. Unataka tukirudie cha mwaka jana?"

"Basi sema skrini isirudi kulia, irudi kushoto."

"Kwa wote? Kila anayefunga arudi nyuma? Foleni itakufa." Marifel aliiweka sahani chini. Kwa mara ya kwanza tangu Jonaly amjue, alikuwa amenyamaza bila kujipongeza. Midomo yake ilikwenda kidogo, kama anayesali rozari. Kisha macho yakamfunguka.

"Mzazi," alisema.

"Mzazi gani?"

"Kichupo kinaweza kuzaliwa na kingine. Ukibonyeza kiungo ndani ya ukurasa, kinachofunguka ni mtoto wa ukurasa ule. Hizi nyimbo zote zimetumwa kwa simu, hazina mzazi, ni yatima. Nikiweka sheria kwamba mwenye mzazi akifungwa, skrini irudi kwa mzazi, na yatima akifungwa iende kulia…"

"Foleni haiguswi."

"Na wimbo wa Lola lazima uzaliwe ndani ya simu ya Tiyo. Tiyo mwenyewe autume kwenye ujumbe wa simu, Lola aubonyeze pale pale."

Jonaly alimtazama binamu yake kama watu wanavyotazama fataki. Alipata hata wivu, lakini ulikuwa wivu mtamu. Mashine hii isiyojua chochote kuhusu mama na mwana ilikuwa na sheria iliyokaa ndani tu ikingoja, ya kumrudisha mtoto kwa mzazi wake. Na Marifel alijua ilipokuwa.

Simu ya mkononi ya Marifel ikatetemeka. Alisoma, akabadilika rangi. "Tiyo anasema ameshaona nchi kavu. Anapiga sasa hivi."

"Badilisha basi!"

"Niko hapa nabadilisha vipi? Nikifungua mipangilio, itaziba televisheni. Tiyo Crispulo anaimba!"

Kweli. Kilichokuwa kwenye kompyuta ndicho kilichoonekana kwenye televisheni, na kumzibia mtu maneno ya wimbo wake hakuna tofauti na kumfungia. Tiyo Crispulo alikuwa amefumba macho, akivuta noti ya mwisho kama anayeng'oa mhogo. Akaifikisha. Matokeo yakatokea: tisini na moja. Watu wakapiga makofi, ya adabu tu, kwa sababu ya mambo ya mwaka jana. Akainama. Akageuka kuelekea kwenye kipanya. Akiufunga, yatakuja matarumbeta yake, na ataanza tena.

Jonaly alipanda juu ya kiti.

"Hotuba!" alipiga kelele. "Tisini na moja! Mwenye tisini na moja atoe hotuba!"

Sebule ikamgeukia. Tiyo Crispulo alisimama katikati ya hatua, maiki mkononi, asiamini. Mwaka mzima hakuna aliyemwomba aseme kitu. Hata kwenye ubatizo wa mjukuu wake mwenyewe walimpa kushika mshumaa tu.

"Mimi?" alisema.

"Kwani nani mwingine ana tisini na moja, Tiyo? Hotuba!"

Vijana walishika wimbo, kwa sababu vijana hushika chochote. "Ho-tu-ba! Ho-tu-ba!" Tiyo Crispulo aliiweka glasi yake kando ya televisheni. Wimbo wake ulikuwa umekwisha, hakuna maneno ya kuzibwa, na nyuma ya mgongo wake Marifel alikuwa ameshainamia kibodi.

"Ndugu zangu," alianza Tiyo Crispulo, sauti ikikwaruza. "Mimi najua mnanionaje."

Nyuma yake, kwenye televisheni, mipangilio ilifunguka kubwa kama tangazo la barabarani. Hakuna aliyeitazama.

"Mwaka jana nilimfungia mtoto wa mama yangu. Mdogo wangu. Wa pekee anayenizidi kuimba, na hilo leo nalisema hadharani. Sikuwa nimelewa sana." Mtu alikohoa. "Nililewa. Basi. Tangu siku ile nikiona kipanya, mkono unakufa ganzi. Mama, mimi…"

Akajifuta uso kwa mkono wenye maiki, na nyumba nzima ikasikia mkwaruzo wa ndevu zake. Jonaly alikuwa bado amesimama kitini. Alikuwa ametegemea mchezo wa dakika chache, na sasa hakujua aweke wapi mikono.

"Wewe Crispulo," Lola Ambing alisema kutoka kwenye kiti chake, bila kugeuka. "Unanizibia televisheni. Kaa hapa pembeni yangu."

Hilo tu. Tiyo Crispulo akaenda kukaa, akiwa ameuacha wimbo wake bila kuufunga. Marifel akabonyeza hifadhi. Na kushoto kabisa juu ya skrini kile kifungo cha shati kikaanza kuwaka.

Uso wa Tiyo Anselmo ulijaa televisheni nzima. Alikuwa jikoni kwake melini, kofia nyeupe kichwani, masufuria yakicheza nyuma yake.

"Ma! Unanisikia?"

"Nakusikia, Toto. Umekonda."

"Ni kamera, Ma."

"Kamera haikondeshi mtu. Haya, tuimbe, mtandao wako usije ukafa."

"Tiyo!" Marifel alipenya mbele. "Angalia simu yako, nimekutumia linki. Itume hapa kwenye ujumbe. Hapa hapa, kwenye simu hii."

"Si ungeufungua tu mwenyewe?"

"Tiyo, tafadhali usiniulize!"

Kiungo kikatokea. Lola akasogezwa hadi kwenye kompyuta, akakikodolea macho, akakibonyeza kwa kidole kizima, mkono wote ukishuka nacho. Wimbo ukafunguka kando ya simu. Ulikuwa ule aliokuwa akiimba marehemu mumewe akirudi shambani. Sauti ya Lola ilikuwa nyembamba, ikitetemeka kwenye noti za juu, na sauti ya Anselmo ilitoka kwenye spika ikiwa nyuma yake kwa nusu mstari, kwa sababu ya umbali. Mama akisema neno, mwana analifuata. Hakuna aliyekula. Tiyo Crispulo alichezesha midomo bila kutoa sauti.

Wimbo ukaisha. Matokeo yakatokea, na hakuna aliyeyasoma. Lola aliinama kidogo mbele ya watu, kama sheria inavyotaka, na akashika kipanya.

Marifel alikishika kitambulisho chake kwa mikono miwili. Jonaly alimshika Marifel kiwiko.

Lola akafunga.

Uso wa mwanawe ukarudi. Ulirudi mara moja, bila tarumbeta, mkubwa, ukicheka, jasho likimtiririka pembeni mwa pua.

"Yatima wanasubiri," Marifel alinong'ona, akacheka huku analia. Jonaly hakumtania. Alikuwa anampigia makofi, na makofi yake yakaambukiza sebule nzima, ingawa wengi hawakujua wanampigia nani.

"Ma, ngoja," alisema Tiyo Anselmo. Akainama nje ya picha, akarudi na sahani. "Nimekupikia pansit ya siku yako."

Lola akasogeza uso hadi karibu na skrini. "Hizo ni tambi za Kiitaliano."

"Ndizo zilizopo melini, Ma! Nimetia mchuzi wa soya."

"Hata ndimu hakuna."

"Ma, kula na mimi. Chukua yako."

Sahani ya pansit ikapita juu ya vichwa vya watu hadi mikononi mwa Lola. Tambi za siku ya kuzaliwa hazikatwi kwa meno, huvutwa nzima, kwa sababu urefu wake ndio urefu wa maisha ya mwenye siku. Lola akainua uma. Anselmo akainua wake. Wakaanza kuvuta, mama na mwana, wakitazamana, mashavu yakiingia ndani.

Picha ikaganda.

Tiyo Anselmo alibaki pale, macho yamekodoka, tambi ndefu ikining'inia kutoka mdomoni hadi kwenye sahani. Spika zikatoa mngurumo kidogo, kisha kimya. Meli ilikuwa imeingia bahari kuu.

Lola aliendelea kuvuta tambi yake taratibu mpaka ikaisha. Alimeza. Akapangusa mdomo.

"Mnaona?" alisema. "Hajaikata."

Marifel alisogea na kukiweka kidole juu ya kipanya. "Lola, nikuwekee wimbo unaofuata?"

"Acha kwanza. Nimalize sahani yangu."

Marifel akaondoa mkono. Lola akala, akimtazama mwanawe, na Tiyo Crispulo pembeni akimmiminia maji. Kulia, nyimbo zote zilisubiri nyuma, kimya, kama zilivyoagizwa.